Picha za Kihindi zilizotuliza: chimbuko lake ni Kolkata, si Bombay

#1 Fundi Redio

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kwanza arudi usiku.

Nimekulia Ngamiani, Tanga. Baba alikuwa fundi redio, video zilipoingia akawa fundi wa video, kwa hiyo kanda za Kihindi zilikuwa zinalala kwetu kama wageni. Nyingine zimeazimwa, nyingine zimeletwa zijaribiwe kwenye mashine, nyingine mwenyewe hakurudi kuzichukua. Mama na majirani zake walikuwa na kipimo chao cha picha nzuri. Hawakuuliza steringi nani wala adui anakufaje. Waliuliza tu: ya leso moja au ya leso mbili? Sisi wavulana tukisikia leso mbili tunatoka nje kucheza mpira. Tulikuwa tunamtaka Amitabh avunje meza.

Sasa nina mvi na muda kidogo, nimeanza kuzitafuta zile za leso mbili moja moja. Picha za zamani majina ya waliotengeneza huja mwanzoni, na mimi nikajenga tabia ya kuyasoma badala ya kuyasogeza. Nikaona kitu. Roy. Mukherjee. Chowdhury. Burman. Ghosh. Sen. Picha inazungumza Kihindi, imetengenezwa Bombay, lakini majina ni ya Wabengali watupu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kolkata, mji mkubwa wa Wabengali, ilikuwa na kampuni kubwa ya filamu, New Theatres, iliyoanzishwa 1931. Huko ndiko kijana mmoja, Bimal Roy, alikoanza kama mpiga picha, hadi akashika kamera ya Devdas ya kwanza ya Kihindi, ile aliyoigiza K.L. Saigal. Halafu ikaja 1947. Bengal ikakatwa vipande viwili, mashariki ikawa Pakistani (leo Bangladesh), na sinema za Kibengali zikapoteza watazamaji wengi waliobaki upande wa pili wa mpaka. Kampuni ikayumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bimal Roy akaenda Bombay kutengeneza picha, na hakwenda peke yake. Alikuwa na Hrishikesh Mukherjee, mhariri wake, na Nabendu Ghosh, mwandishi wa hadithi. Baadaye akamwita mwanamuziki Salil Chowdhury. Walikwenda kwa kazi moja, wakabaki moja kwa moja.

Mwaka 1953 wakatoa Do Bigha Zamin. Kama hujawahi kuiona, acha nikueleze kwa nini mama yangu aliiita ya leso tatu.

Shambhu ni mkulima mwenye kishamba kidogo sana. Mwenye ardhi mkubwa wa kijiji anataka kuuza eneo lijengwe kiwanda, na kile kishamba kimekaa katikati. Shambhu anakataa kuuza. Anaambiwa basi lipa deni. Yeye anajua anadaiwa rupia 65. Anauza hadi vyombo vya ndani, anazipeleka, anaambiwa deni ni 235, karatasi hii hapa. Kumbuka hajui kusoma. Mahakama inampa miezi 3. Anaenda Kolkata na mwanawe mdogo, anakokota riksho kwa miguu yake, mtoto anapiga viatu rangi.

Kuna tukio moja siwezi kulisahau. Mwanamke amepanda riksho moja, mwanamume anamkimbiza kwenye riksho ya Shambhu na anapiga kelele: kaza mwendo, nakuongeza pesa! Kaza, nakuongeza! Na Shambhu anakaza, kwa sababu kila rupia ni kipande cha shamba. Binadamu anakimbia kama punda na anafurahi kwamba dau linapanda. Hadi gurudumu linachomoka.

Balraj Sahni aliyeigiza humo alikuwa msomi wa fasihi ya Kiingereza, amewahi kufundisha kwenye shule ya mshairi Tagore na kutangaza BBC London. Kabla ya kupiga picha alijifunza kukokota riksho mwenyewe kwenye mitaa ya Kolkata. Ukimtazama miguu utaamini.

Mwisho wake? Shamba limekwenda. Kiwanda kinajengwa. Shambhu anainama achukue konzi moja ya udongo, mlinzi anamwambia aurudishe. Basi. Hakuna aliyekuja kuwaokoa, na hakuna adui aliyepigwa.

Dai langu ndilo hilo: machozi yale yaliyokuwa yanatoka Tanga yalianzia Kolkata. Na waliobaki Kolkata, kina Satyajit Ray na Ritwik Ghatak, walitengeneza kali zaidi ambazo hazikutufikia kabisa. Nitazishusha taratibu. Karibuni.

#2 Boda Msomi

Mkuu nimesoma kichwa nikadhani zilitutuliza, nikaja mbio kutafuta utulivu. Kumbe zilituliza! Umenipata.

Naweka kambi.

#3 Mkunazini88

Fundi, uzi mzuri ila chumvi imezidi.

Mimi wa Unguja. Bibi yangu alikuwa haikosi senema ya Jumapili, na picha aliyokuwa akiihadithia hadi anaingia kaburini ni Awaara. Baba hakimu, mtoto mwizi, hakimu hajui kuwa anamhukumu damu yake. Alikuwa akifika pale Nargis anasimama mahakamani kumtetea, bibi anasimama na yeye. Aliiona ukumbi wa Majestic mara sita, na nyimbo zake aliziimba bila kujua neno moja la Kihindi.

Sasa, Raj Kapoor aliyeitengeneza ni mtu wa Peshawar. Yule hakimu ndani ya picha ni baba yake mzazi wa kweli, Prithviraj, naye huko huko. Mwigizaji Dilip Kumar, Peshawar pia. Mother India, picha iliyoliza dunia, ya Mehboob Khan, Mgujarati. Mama anampiga risasi mwanawe wa kumzaa ili kulinda heshima ya binti wa mtu, tena binti wa yule yule mkopeshaji aliyewanyonya maisha yote. Mbengali yuko wapi hapo?

#4 Fundi Redio

Mkunazini, nakubali, nimezidisha. Awaara na Mother India si zao, na huwezi kutaja machozi bila hizo mbili.

Ngoja nilipunguze dai libaki saizi yake. Kwenye Mother India kuna Sukhilala, yule mkopeshaji. Ukimwona tu na zile meno unajua huyu ndiye. Kwenye Awaara kuna Jagga, ndiye aliyeharibu nyumba ya watu. Hasira yako ina mahali pa kukaa. Picha za hawa Wabengali mara nyingi humnyang'anyi mtu huo mto wa kuegemea. Kwenye Do Bigha Zamin yule mwenye ardhi yupo mwanzoni, halafu anapotea, na saa moja na nusu iliyobaki Shambhu anapigana na bei ya chakula, na mwendo, na mwili wake mwenyewe. Kulia huku hakuna wa kumlaani ni kulia kwingine.

(Nimejisoma hapo juu: "humnyang'anyi" ilitakiwa "humnyang'anya". Simu hii.)

#5 Mvita Asilia

Salaam aleikum jamaa. Kwanza Fundi, leso kwetu Mombasa ni kanga, na leso huuzwa mbili mbili. Picha ya leso mbili mamako alimaliza doti nzima? Hiyo si picha, ni msiba.

Pili, mnasahau kilichozivusha bahari. Ni nyimbo. Mzee wetu Juma Bhalo aliyachukua mahadhi ya senema za Kihindi akayatilia mashairi ya Kimvita, na hadi leo kuna watu hapa Kibokoni wanaojua wimbo wa Bhalo na hawajui kama uko na mamake Bombay. Kumbi za Naaz na Regal zilikuwa zikitoa picha usiku, kufikia harusi ya wiki ya pili mahadhi yashapata maneno mapya. Sasa hizo za Ray zisizo na nyimbo zingevuka na nini? Hilo ndilo jibu lako kwa nini hazikufika.

Ila kwa Wabengali nakuunga mkono upande huo. S.D. Burman na Salil Chowdhury ni wao, na Hemant Kumar, na Geeta Dutt. Ukiyaondoa mahadhi ya hao, taarab ya Kihindi inabaki nusu.

#6 Boda Msomi

Wakuu nimeingia mtandaoni nimeshusha hiyo Pather Panchali ya Ray kama ilivyosifiwa. Dakika ya 40 nimelala. Nimeamka, mtoto bado anakimbia kwenye majani. Steringi nani? Adui nani? Bibi kizee kapindika anakula mapera ya wizi, mama mtu ananuna, baba mtu anaota ndoto za kuandika tamthilia. Hiyo si picha mkuu, hiyo ni kwetu Singida.

#7 Fundi Redio

Boda, hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa Ray, na umeitoa kwa hasira.

Nikupe kisa chake labda utairudia. Ray alikuwa mchoraji wa kampuni ya matangazo. 1950 ofisi ikampeleka London, akaiona picha ya Kiitaliano ya yule baba anayetafuta baiskeli yake iliyoibwa, akatoka ukumbini ameamua. Hakuwahi kuongoza filamu. Mpiga picha wake Subrata Mitra alikuwa na miaka 21 na hakuwahi kushika kamera ya sinema. Yule bibi kizee, Chunibala Devi, alikuwa mwigizaji wa jukwaani aliyestaafu, ana kama miaka 80. Kijiji walichopigia picha kinaitwa Boral.

Hayo majani uliyoyachoka yana kisa. Ndipo Apu na dada yake Durga wanapoliona treni kwa mara ya kwanza. Majani yale hutoa maua meupe kwa msimu tu. Ray akapiga siku ya kwanza, Oktoba 1952, akarudi wiki iliyofuata kumalizia, akakuta ng'ombe wameyala maua yote. Ilibidi asubiri mwaka mzima yaote tena! Pesa zikaisha katikati. Akauza rekodi zake za muziki, akaweka rehani bima yake ya maisha, mkewe akatoa vito. Bado hazikutosha. Mwishowe serikali ya jimbo la West Bengal ikatoa pesa, na kwenye vitabu zikaandikwa za matengenezo ya barabara, maana jina la picha ni "wimbo wa njia ndogo". Mhasibu sijui aliona barabara gani.

Ray mwenyewe alikuwa akisema kilichomwokoa ni mambo matatu: sauti ya Apu haikuvunjika, Durga hakukua, na yule bibi hakufa. Miaka karibu mitatu ya kusimama na kuanza upya. Bibi alifariki picha ikiwa bado haijatoka.

Sasa rudi uitazame hii sehemu moja tu. Baba amerudi safari, amebeba zawadi, anatoa moja moja kwa furaha. Anatoa sari ya Durga. Hajui kwamba Durga ameshakufa. Mama anaishika ile sari, anaiuma, anafungua mdomo kulia, na sauti yake huisikii. Ray ameiondoa kabisa, badala yake ameweka chombo cha nyuzi kinapiga juu kabisa, kinakereza. Bombay ingekuletea kilio chenyewe pamoja na radi. Huyu amekunyima kilio, kwa hiyo unakitoa wewe.

Na dakika chache baadaye Apu anakuta mkufu ambao Durga alishutumiwa kuuiba na akakana. Kumbe kweli aliuiba. Mtoto hamwambii mtu. Anautupa bwawani, magugu ya majini yanafunguka, yanajifunga.

Nenda Boda. Nakusubiri.

#8 dada_mkubwa

Habari zenu. Nimesoma kimya kimya tangu jana. Naomba nielekezwe pa kuanzia, ila kwa sharti: sitaki mwanaume anayelewa.

Nimeangalia Devdas ya Shah Rukh nikiwa shule, nikaambiwa ya 1955 ya Dilip Kumar ndiyo yenyewe, nikaitafuta. Kaka yule alikuwa na nafasi. Binti alikuja usiku kwa miguu yake mwenyewe, akahatarisha jina lake, akamwambia nipo. Yeye akaogopa baba. Binti akaolewa. Basi kazi yake ikawa kunywa hadi aje kufia mlangoni kwa mtu, na sisi tunatakiwa tumlilie yeye! Aliyeharibikiwa pale ni Chandramukhi, yule kahaba, kaacha kazi, kauza vitu, anamtunza mlevi wa mwenzie.

#9 Mkunazini88

Dada umenichekesha, lakini umewataja hao wanawake vizuri kuliko wahakiki. Vyjayanthimala aliyeigiza Chandramukhi alipewa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi, akaikataa. Alisema yeye si msaidizi wa mtu, nafasi yake ni sawa na ya Paro, yule binti. Na Paro mwenyewe ni Suchitra Sen, malkia wa Kolkata, aliyekuja kujifungia ndani miaka zaidi ya 30 bila kuonekana hadharani hadi alipofariki 2014.

Ya Bimal Roy pia hiyo, Fundi asije akadai pointi.

#10 Fundi Redio

Nimeshadai.

#11 Kibao cha Mbuzi

Kama mnaongelea machozi ya walevi bila mwongozaji Guru Dutt mmekula wali bila nazi. Pyaasa, 1957. Mshairi hana wa kumchapishia, wanadhani amekufa, ghafla kila mtu anamtukuza na ndugu wanagombea pesa za kitabu. Anatokea mlangoni katikati ya kumbukumbu yake mwenyewe, mwanga umempiga kwa nyuma, mikono imeshika mlango huku na huku. V.K. Murthy ndiye aliyepiga kile kivuli. Ukiona hapo usipopata baridi kapime malaria.

Na Guru Dutt ni Mbengali, kwa hiyo Fundi chukua pointi yako ya pili.

#12 Fundi Redio

Natamani, lakini hapana. Watu wengi hulidhania hilo jina. Amezaliwa Bangalore, jina la ukoo Padukone. Alikulia Kolkata kwa miaka kadhaa, akaoa Mbengali, yule Geeta aliyemtaja Mvita. Tuseme ni mkwe.

Ila Sahib Bibi Aur Ghulam aliyotayarisha 1962 inatoka kwenye riwaya ya Kibengali ya Bimal Mitra, na humo wewe dada_mkubwa utapata mlevi wa aina nyingine. Ni mke. Mumewe tajiri anakesha kwa wanawake wengine, anamwambia kama unataka nibaki nyumbani kunywa na mimi. Anakunywa ili ampate. Hampati, pombe inampata. Meena Kumari. Mwaka ule Filmfare walioshindania mwigizaji bora wa kike walikuwa watatu: Meena Kumari, Meena Kumari na Meena Kumari, kwa picha tatu tofauti.

Kaagaz Ke Phool, 1959, ilianguka vibaya, na baada ya hapo Guru Dutt hakuweka tena jina lake kama mwongozaji. Alifariki 1964 na miaka 39. Leo hiyo hiyo iliyoanguka ndiyo inafundishwa.

#13 Mwana wa Ruwi

Salaam kutoka Maskati. Nimeolewa huku, Kiswahili changu cha Unguja, Kihindi changu cha televisheni.

Kwa dada anayetaka picha isiyo na mlevi: Mahanagar, ya Ray, 1963. Pesa hazitoshi nyumbani, mke anaingia kazini kuuza mashine za kufuma mlango kwa mlango. Mkwe mwanamume ananuna, hazungumzi na mwanawe. Mume mwanzoni ndiye aliyemsukuma, halafu akiona mke anapata na anapenda, roho inamchonyota. Kuna rangi ya mdomo. Mwenzake kazini anampa, anajipaka kazini, anaifuta kabla ya kurudi nyumbani. Kirangi kile kina maneno mengi! Nimeiangalia na mume wangu, akanyamaza tangu mwanzo hadi mwisho, kesho yake akaniuliza ile kozi niliyotaka kusoma inaanza lini.

Na yule wifi mdogo mle ndani, mtazameni vizuri. Ni Jaya, ndiyo kwanza anaanza, bado binti wa shule. Baadaye mke wa Amitabh.

#14 Boda Msomi

Kumbe shemeji naye katokea huko. Na Amitabh mwenyewe?

#15 Fundi Redio

Amitabh kabla ya filamu aliajiriwa Kolkata, kazi ya ofisini. Na mara ya kwanza kusikika kwenye picha ni sauti tu, msimulizi wa Bhuvan Shome, 1969, ya Mrinal Sen. Mbengali. Halafu 1971 akapewa nafasi ya daktari kwenye Anand, na Hrishikesh Mukherjee, yule yule mhariri aliyekuja na Bimal Roy. Rajesh Khanna anakufa kwa saratani akicheka, anamwita Amitabh "babumoshai", na hilo neno ni la Kibengali. Kwa hiyo hata huyo tuliyekuwa tunatoka kucheza mpira tukimsubiri alipitia mlango huo huo.

Dada_mkubwa, sasa nakujibu. Anza na Meghe Dhaka Tara, "nyota iliyofunikwa na wingu". Ritwik Ghatak, 1960. Sikusimulii.

#16 Kibao cha Mbuzi

Fundi usimfanyie hivyo. Dada, jina lako ni dada_mkubwa kweli au la mtandaoni tu? Kama ni kweli usiiangalie mwisho wa mwezi ukiwa umeshatuma hela nyumbani.

#17 dada_mkubwa

Ni kweli. Wa kwanza kati ya sita. Na hela nimetuma jana.

#18 Mvita Asilia

Basi hapo pana kazi.

Nitaje kidogo bila kuharibu. Ghatak alizaliwa Dhaka, na mpaka ulipopita akabaki mkimbizi wa roho maisha yake yote. Ray alisifiwa Ulaya, huyu alikufa 1976 akiwa hana kitu, picha zake karibu zote zilidoda isipokuwa hiyo moja. Na mnajua kitu? Madhumati ya 1958, ile ya mapenzi ya mtu aliyezaliwa upya, iliyozoa tuzo 9 za Filmfare, hadithi yake aliiandika yeye akampa Bimal Roy. Mahadhi yake kila harusi ya pwani yameimbwa.

Sikilizeni sauti kwenye hiyo Nyota. Mama akiwaza nani atalisha nyumba binti akiolewa, sufuria jikoni inachemka kwa kishindo kuliko maneno. Binti akishuka ngazi baada ya kuona alichokiona, unasikia mjeledi. Mjeledi kabisa, na hakuna mwenye mjeledi pale. Ray aliitoa sauti, Ghatak aliiongeza. Mimi wa Ghatak.

#19 Mkunazini88

Mimi wa Ray. Ule mwisho wa Charulata, mikono ya mume na mke inanyooshwa ipokeane, picha inaganda kabla haijafika. Mjeledi unanikumbusha mabati ya tamthilia za redioni.

#20 Mvita Asilia

Wewe Mkunazini ukiumwa jino hulii?

#21 Kibao cha Mbuzi

Anayezitafuta: zile tatu za Apu (Pather Panchali, Aparajito, Apur Sansar) chagueni zilizosafishwa 2015. Negatifu za asili ziliungua kwenye moto wa maabara London, 1993, mwaka mmoja tu baada ya Ray kufariki. Watu wakabaki na mapande yaliyokunjamana kwa joto. Mafundi wa Bologna, Italia, wakayalainisha na kuyaunga kipande kwa kipande kwa mkono, na palipoungua kabisa wakajazia kwa nakala nyingine. Ukiona mistari ya mvua kwenye bwawa ile unadhani imepigwa jana. Nakala za zamani mtandaoni ni kama kutazama kupitia neti.

#22 Boda Msomi

Nimerudi. Nimeanza upya nikiwa nimekula na nimelala. Ile sari Fundi. Ile sari.

Na kuna sehemu hukuisema. Yule bibi kizee kafukuzwa, karudi, anaomba maji ya kunywa. Mama anamwambia si unaona mtungi ulipo, chota mwenyewe. Anachota, anakunywa, na maji yaliyobaki anaumwagilia mche wake uani. Halafu anaondoka kwenda kufa. Nina shangazi Singida nimemwahidi kwenda tangu Pasaka.

#23 Mwana wa Ruwi

Dada_mkubwa yuko wapi? Siku ya pili leo.

#24 dada_mkubwa

Nipo. Nilimaliza usiku wa kuamkia jana, saa nane, nikakosa la kuandika.

Sikulia pale mlimani anapomwambia kaka yake kwamba alitaka kuishi, ingawa kile kilio bado nakisikia, milima inazunguka na inamrudishia. Hapo nilikuwa nimeshakauka. Nililia mwanzo kabisa. Anapokea hela ya kufundisha, mdogo wake wa kiume anataka viatu vya mpira, wa kike anataka sari, na wote wanapata. Anacheka akiwapa. Na dakika chache kabla umemwona barabarani kandambili yake imekatika mkanda, anaiangalia kidogo, anaendelea kutembea.

Nilifikiri ni kitu kidogo cha kupita. Halafu picha inaisha, yeye hayupo, na msichana mwingine kabisa anapita barabara ile ile, na kandambili inakatika. Anaangalia, anatabasamu kwa aibu, anaenda.

Kaka yake amesimama pembeni anamtazama. Na yule kaka alikuwa anampenda kwa dhati, hilo ndilo linalouma, nyumba nzima hakuna mtu mbaya. Fundi, hapo nimekuelewa uliposema hakuna wa kumlaani.

Mdogo wangu wa nne kanitumia meseji asubuhi, anataka hela ya simu, ya kwake imepasuka kioo. Nimemjibu hadi mwezi ujao. Viatu vyangu vya kazini nimevibandika gundi mara mbili toka Januari. Naenda sokoni Mchikichini.

#25 Boda Msomi

Uko wapi dada, nije nikupeleke. Bure.